Dubu Katika Stoo ya Pareto

Mwezi wa saba, huko juu Elburgon, ukungu hukaa mpaka jua lipande sana. Akina mama huingia shambani kuchuma pareto na ukungu bado uko. Huwezi kumwona mtu. Unasikia tu vidole vikikata maua, na mtu mmoja akikohoa upande wa pili.

Mwaka ule wa 1958 watoto wao wadogo hawakulazwa tena kati ya mistari ya pareto, wakitetemeka ndani ya magunia. Walikuwa na nyumba yao. Ilikuwa stoo ya zamani ya pareto, na mwalimu wao alikuwa Wangare, mke wa Mburu, dereva wa trekta.

Wangare alikuwa amesoma mpaka darasa la nne tu. Lakini alikuwa mtu wa subira. Mtoto akilia, hakumwambia nyamaza. Alikaa chini karibu naye mpaka ajue analilia nini.

Siku moja memsabu, mke wa mwenye shamba, alimletea picha kubwa za rangi. Dada yake alikuwa amezituma kutoka Kanada.

"Wafundishe watoto habari za huyu mnyama," alisema. "Wiki nzima, kama wanavyofanya kwetu."

Jioni Wangare alizitandaza picha mezani.

"Mburu, njoo uone."

Mburu alikuja akifuta mikono. "Huyu ni mbwa?"

"Mbwa gani husimama kama mtu? Ni dubu."

"Dudu?"

"Dubu! Si hulisikia jina lake kanisani?"

Mburu aliinama. Aliangalia kucha, akaangalia mabega, akaangalia tena kucha. "Mkono kama jembe," alisema polepole. "Sasa huyu Mungu alimuumba akiwa anafikiria nini?"

Wangare naye hakuweza kuondoa macho. Alitaka watoto washangae kama yeye alivyoshangaa. Kwa hiyo kesho yake alichagua picha kubwa kuliko zote. Dubu alikuwa amesimama kwa miguu miwili, kinywa wazi, meno yote nje. Aliitundika ukutani, akawaita watoto.

"Huyu ni dubu," alisema. Kisha akanguruma kwa nguvu.

Mtoto mmoja wa miaka minne, Chepkemoi, alipiga yowe. "Chemosit! Chemosit!"

Watoto wa Kikalenjin wote walikimbilia mlangoni. Wale wengine hawakujua chemosit ni nini, lakini walikimbia pia. Wangare alibaki peke yake na dubu wake.

Kesho yake asubuhi watoto waliokuja walikuwa wachache. Mama yake Chepkemoi, Chepngeno, alisimama mlangoni na kikapu chake cha kuchumia. Chepkemoi alikuwa ameficha uso ndani ya sketi ya mama yake.

"Mwalimu," Chepngeno alisema, "umeleta chemosit ndani ya nyumba ya watoto?"

"Chemosit ni nani, Mama Chepkemoi?"

"Wewe hujui? Kwetu ni yule anayekula watoto gizani. Mdomo wake unawaka kama moto. Tunawaambia watoto hivyo, ndiyo wasitoke nje usiku. Sasa wangu amemwona mchana, ukutani. Na mwalimu ananguruma pamoja naye!"

"Si yeye, mama. Ni dubu."

"Hata hilo nimesikia. Nilimwuliza, leo umefundishwa nini? Akasema, 'Tupu.' Si unajua ulimi wetu, hatuwezi hiyo 'du' yenu. Nikasema kweli, mwalimu amefundisha tupu."

Wanawake waliokuwa nyuma yake walicheka. Wangare hakucheka. Aliwatazama wakiingia kwenye ukungu na watoto wao, mpaka hakuwaona tena.

Saa ya chakula nyapara wa shamba, Mzee Kiprugut, alipita.

"Mwalimu, pareto ni nyingi na mahali pa kuweka sina. Watoto wasiporudi, hii inakuwa stoo tena."

"Nipe wiki ijayo, mzee."

"Wiki nimekupa. Watoto ni wa mama zao."

Wangare alijua maana ya maneno hayo. Mwaka uliopita, kabla nyumba haijafunguliwa, mtoto mmoja aliachwa peke yake karibu na jiko. Aliungua mguu, na mpaka leo anachechemea. Stoo ikirudi kuwa stoo, watoto watarudi kwenye jiko na kwenye mvua.

Kwa bahati, siku hiyohiyo alifika Wachuka. Alikuwa mama wa makamo kutoka Nakuru, aliyesomea kazi ya kufundisha watoto wadogo. Alikuwa akitembelea mashamba na kuwasaidia walimu. Wangare alimweleza yote.

Wachuka aliitazama ile picha ukutani. "Mwanangu, mbona ulianzia kwenye meno?"

"Ndiyo yanashangaza."

"Yanakushangaza wewe. Wewe ni mtu mzima, unajua picha haiumi. Mtoto wa miaka minne bado hajui hivyo. Ukinguruma, kwake picha imenguruma."

"Basi nianzie wapi?"

"Anzia kwa mtoto mwenyewe. Huyo Chepkemoi anajua nini?"

Wangare alifikiri. "Baridi anaijua."

"Ehe."

"Usingizi. Mama yake. Na asali. Baba yake ana mizinga msituni."

"Basi tayari anamjua dubu, ila hajaambiwa." Wachuka alikaa juu ya gunia. "Sikiliza. Huko kwa dubu kuna baridi ambayo mito inakuwa mawe. Kabla ya baridi hiyo, dubu anakula. Anakula samaki, matunda, asali, mpaka ananona kabisa. Kisha anaingia shimoni na kulala. Analala miezi."

"Bila kula?"

"Bila kula, bila kunywa."

"Hata maji?"

"Hata tone. Na humo shimoni, ndani ya usingizi huo, dubu jike huzaa."

Wangare alishika shavu. "Anazaa amelala?"

"Na mtoto wake hazidi fuko, yule anayechimba viazi vyenu. Haoni, hana manyoya ya maana. Ananyonya gizani mpaka baridi iishe. Wakitoka nje, mama amekonda na mtoto amenona."

Wangare aliusogelea ukuta. Alimtazama tena yule mnyama ukutani, mabega yake, urefu wake. Meno hakuyaona tena.

"Mkubwa hivyo," alisema mwishowe, "na alianza kama fuko."

"Hapo sasa. Mshangao wa namna hiyo haumfukuzi mtoto, unamvuta."

Walianza kupanga wiki. Wachuka alisema wapange kwa vitu. Wakaweka sakafuni kibuyu kitupu cha kutilia asali, blanketi, kipande cha makaa ya kuchorea, magunia matupu.

"Kila siku na kitu chake," Wachuka alisema. "Waonje, washike, watambae. Mtoto mdogo anajifunza kwa mwili kwanza. Usiseme sana. Na anayeogopa usimvute. Akae mlangoni aone, atakuja mwenyewe."

"Na chemosit? Niwaambie hayuko?"

"Usibishane na hadithi za watu. Sema tu huyu si yeye. Sema anakaa mbali, ng'ambo ya bahari, hawezi kufika Elburgon kwa miguu. Lakini kwanza nenda kwa mama zao. Mama asiyejua unafundisha nini, atajaza pengo kwa hofu yake."

Wangare hakungoja. Alimkuta Chepngeno shambani, akaingia kwenye mstari wake. Alichuma pamoja naye na kutia maua kwenye kikapu cha Chepngeno.

"Mwalimu, unataka kuniibia kazi?"

"Nimekuja kukuomba asali, Mama Chepkemoi. Yule mnyama anapenda asali kuliko kitu chochote. Anapasua mzinga kwa mkono, anakula asali, nta, na nyuki."

Chepngeno aliacha kuchuma. "Na nyuki? Hawamuumi?"

"Manyoya yake ni mazito. Wanamuuma puani tu."

"Mzee wangu angepata hayo manyoya!" Chepngeno alicheka. "Juzi amerudi jicho limefunga kama amepigana sokoni." Halafu akarudi kuchuma. "Asali nitakupa. Mtoto, sijui. Jana usiku hakulala vizuri."

"Mlete afike mlangoni tu. Akikataa kuingia, simwiti. Na ile picha nimeitoa ukutani."

Jumatatu Chepngeno alimleta. Chepkemoi alisimama mlangoni, na mama yake alingoja kidogo naye. Ndani, watoto wengine wachache walichovya vidole kwenye asali na kulamba kama dubu. Chepkemoi hakuingia. Lakini alinyoosha kidole chake kimoja nje ya mlango, na Wangare akakitilia asali.

Siku iliyofuata habari za asali zilikuwa zimefika kila nyumba katika kambi ya wafanyakazi. Watoto waliongezeka. Wangare alichora sakafuni wayo wa dubu kwa makaa, ukubwa wake kamili. Mtoto mmoja aliweka miguu yake yote miwili ndani yake, na nafasi ikabaki.

"Huyu mwenye mguu alikuwa amevaa viatu?" aliuliza.

"Hakuvaa. Ni mguu wake mtupu."

Watoto walizunguka ule wayo polepole, kwa heshima. Hakuna aliyeukanyaga tena.

Siku nyingine alipanda juu ya kasha na kuchora mstari ukutani, juu kupita mlango. "Dubu mkubwa akisimama," alisema, "kichwa chake kinafika hapa."

Nyuso zote ziliinuka.

"Hata Bwana mwenye shamba hafiki hapo?" mmoja aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hata Bwana."

Chepkemoi aliyaona yote hayo. Kila siku alisogea kidogo. Sasa mgongo wake uligusa ukuta wa ndani, lakini mkono mmoja ulishika mlango.

Jumamosi kazi iliisha mchana na akina mama waliitwa waje waone. Wangare alikuwa amefunika benchi kwa magunia, akatengeneza shimo la dubu. Ndani kulikuwa giza na blanketi. Aliwaeleza akina mama pamoja na watoto habari za usingizi ule mrefu. Alipofika mahali pa kuzaa, kelele ziliinuka.

"Anazaa amelala!" Chepngeno alisema. "Mkunga hayuko, maji ya moto hayako!"

"Na miezi yote hakuna mtu wa kumwambia apike," alisema mwingine.

Walicheka, kisha kicheko kikafa chenyewe. Kila mmoja wao alikuwa amezaa, na wengine walizaa katika baridi hiihii. Walilitazama lile shimo la magunia kana kwamba kulikuwa na mtu ndani.

"Baridi imekuja," Wangare alisema kwa sauti ndogo. "Dubu, ingieni."

Watoto walitambaa mmoja mmoja, wakalala, wakatoka. Shimo lilipobaki tupu, Chepkemoi aliachilia mlango. Hakumtazama mtu. Alipiga magoti, akatambaa, akaingia gizani.

Hakutoka.

Chepngeno alingoja. Nyapara, aliyekuwa amesimama dirishani, alingoja pia. Hakuna sauti. Mama yake alishindwa kuvumilia, akainama karibu na magunia.

"Chepkemoi. Toka, mama. Uko sawa?"

Sauti ndogo ilitoka ndani. "Polepole, mama. Nimezaa wawili. Wananyonya."

Hakuna aliyecheka. Chepngeno alifungua shuka mabegani mwake, akaliweka kwenye mlango wa shimo ili upepo usiingie. Kisha akakaa chini na kungoja. Wanawake wengine walikaa pamoja naye, mpaka Chepkemoi akaamka mwenyewe.

Jumatatu stoo ilijaa watoto. Mzee Kiprugut alikuwa amekwisha kuweka pareto yake kwenye banda la trekta, na Mburu alikuwa akilalamika kwa kila mtu kwamba trekta inalala nje. Chepkemoi aliingia bila kugeuka nyuma. Mama yake ndiye aliyebaki mlangoni.

"Mwalimu, wiki hii ni mnyama gani?"

"Bado nafikiria, Mama Chepkemoi."

"Ukijua, niambie mapema. Nianze kumwambia nyumbani."