Dagaa wa Boke

Kila asubuhi, hata kabla sijanawa uso vizuri, kazi yangu ilikuwa kufunga chakula cha mchana. Wakati huo mama alikuwa ameshaondoka nyumbani kwetu Bweri, anakwenda kwa miguu hadi kiwanda cha samaki mjini Musoma. Alikuwa kibarua wa kukata minofu ya sangara. Minofu hiyo ilipanda ndege ikaenda Ulaya, na sisi mama alituachia dagaa aliowapika usiku, mchicha, na kiporo cha ugali wa muhogo. Nilivigawa kwenye vikopo viwili vya plastiki, changu na cha mdogo wangu Boke.

"Usisahau mboga," mama aliniambia kila usiku. "Na uhakikishe Boke anamaliza. Huko shuleni wewe ndiye mama yake."

Mimi, Jenoveva, nilikuwa darasa la sita. Boke alikuwa la pili. Baba alikwenda kuchimba dhahabu Buhemba na hakurudi, wala hakuleta barua. Zamani shule ilitoa uji, kisha uji ukaisha, tukaambiwa kila mtoto aje na chake. Ilikuwa ni ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Maduka ambayo mama alisema yalikuwa matupu nilipozaliwa, sasa yalijaa biskuti, pipi na juisi za unga za kila rangi. Mtoto aliyekuja na mandazi na barafu nyekundu alizungukwa na marafiki. Aliyekuja na dagaa, shauri yake.

Mchokozi mkuu alikuwa Bernado wa darasa la nne. Boke alipofungua kopo lake tu, Bernado alikunja mikono ikawa mabawa, akazunguka uwanja mzima. "Ko-ko-kooo! Jamani, kuku wanakula!" Siku hizo watu wengi wa Bweri walikuwa wameanza kufuga kuku wa mayai, na dagaa waliosagwa ndio waliokuwa chakula cha kuku hao. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Boke alifunika kopo lake na kurudi nalo nyumbani likiwa zito vilevile.

"Kula, Boke!" nilimfokea.

"Sitaki, dada. Wananicheka."

"Waache wacheke!"

Ni rahisi kusema. Mimi mwenyewe nilikuwa nakula nyuma ya choo cha wasichana ili nisionekane.

Basi nikajifanya mjanja. Jirani yetu Mama Pelagia alikaanga mandazi ya kuuza, na pia alikuwa na banda la kuku. Asubuhi moja nilimpelekea vikopo vyetu vyote viwili, nikamwomba anibadilishie. Aliwatazama wale dagaa, akanitazama mimi.

"Mama yako anajua?"

"Anajua, mama. Yeye ndiye kanituma."

Uongo ulinitoka kirahisi hata nikajishangaa. Mama Pelagia akamwaga dagaa na mchicha mbele ya kuku, akanipa mandazi manne. Siku hiyo Boke alikula katikati ya wenzake akichekelea. Hakuna aliyelia ko-ko-ko. Nilijiona dada wa maana kuliko wote Musoma nzima.

Tukaendelea hivyo tangu mwezi wa pili mpaka wa saba. Mama alirudi jioni amechoka, mikono imekauka kwa barafu ya kiwandani, akatusongea ugali kwa mchuzi mwembamba wa nyanya. "Hii tupoze tumbo tu," alisema. "Nyinyi si mmekulaga dagaa mchana?" Tuliitikia pamoja, "Ndiyo, mama." Kuku wa Mama Pelagia walinenepa, manyoya yakang'aa. Boke alikonda, nywele zikawa nyepesi na kufifia rangi. Niliona. Sitasema kwamba sikuona.

Niliona jambo jingine pia. Jua likianza kuzama, Boke alikuwa anajikwaa. Aligonga ndoo iliyokuwa mbele yake waziwazi, akapapasa ukuta kutafuta mlango.

"Dada, mbona giza linaingiaga mapema siku hizi?" aliniuliza.

Nilikumbuka mwalimu alivyotufundisha kuhusu chakula na macho. Lakini nikimwambia mama, ataniuliza Boke anakula nini, na mambo ya mandazi yatatoka. Nikamwambia Boke anishike sketi kila jioni tunapotoka kisimani. Nikamwambia pia kwamba akimwambia mama nitamchapa.

Mwezi wa saba surua ikaingia Bweri. Watoto wengi waliugua, wakapona. Boke naye vipele vilipona, lakini macho hayakupona. Yalikuwa makavu, hataki kuyafungua kwenye mwanga. Mama aliomba ruhusa kiwandani, akambeba mgongoni mpaka zahanati, nami nikifuata nyuma. Nesi Dorotea alimfunua kope la kushoto. Katikati ya jicho palikuwa na doa jeupe.

"Mama, huyu mtoto anakula nini?" nesi aliuliza.

Mama alijibu bila wasiwasi. "Dagaa, sista. Kila siku ya Mungu. Na mchicha. Mimi nina shida, lakini hivyo havikosi."

Nesi alitikisa kichwa. "Mama, anayekula dagaa na mchicha kila siku hafiki hapa. Ukinidanganya mimi, unamuumiza mtoto."

"Sikudanganyi! Naamka saa kumi kuhakikisha chakula chao kipo!"

"Basi chakula hicho anakula nani?"

Machozi yalimtoka mama, akayafuta kwa kona ya kanga huku akirudia, "Wanakula, sista. Haki ya Mungu wanakula." Watu kwenye benchi waligeuka kumtazama. Mwanamke mmoja alisonya. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumdanganya mtu, anaitwa mwongo mbele za watu kwa ajili yangu!

"Wanaokula ni kuku," nilisema.

Wote wakaniangalia. Nikaeleza kila kitu, mandazi, Bernado, sketi, na kitisho changu kwa Boke. Nililia mpaka kwikwi ikanibana. Mama hakunipiga. Alikaa tu pale kwenye benchi amempakata Boke, na hilo lilinichoma kuliko fimbo.

Boke alipewa matone ya vitamini A, kisha tukapelekwa hospitali ya mjini, ambako alilazwa siku kumi na mbili. Mama alilala sakafuni kando ya kitanda chake. Aliporudi kiwandani, kibarua kilikuwa kimeota nyasi, mtu mwingine ameshika kisu chake. Tangu hapo alianika dagaa wa watu ufukweni, analipwa kwa dagaa hao hao. Nilimwona akiinama juani kutwa nzima.

Siku tuliyotoka hospitali mama alituketisha jikoni. Kwanza alimwuliza Boke, "Haya mwanangu, niambie. Dagaa walikuwa na ubaya gani?"

Boke alifikiri. "Wachungu. Wana mchanga. Halafu wanaonekana ni dagaa."

Mama akacheka kidogo, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nesi Dorotea alikuwa amemweleza la kufanya, na tulilifanya pamoja. Tuliwachambua dagaa, tukawaosha kwa maji ya moto mara tatu mpaka mchanga ukaisha, tukawakausha juu ya moto mdogo kwa chumvi na ndimu. Kisha tukawatwanga pamoja na karanga zilizokaangwa. Unga ule tuliuchanganya na viazi vitamu vilivyopondwa, tukaviringa vitonge. Pembeni niliweka kipande cha boga, na papai tulipolipata. Boke alimaliza vitonge vitatu hata kabla ya kwenda shule.

Nilikwenda kwa mwalimu wa zamu, Mwalimu Pastory, nikamweleza mambo yote yaliyotokea. Alimwita Bernado, akamwonyesha jicho la Boke bila kumgombeza. Bernado hakulia tena ko-ko-ko. Wiki iliyofuata alikuja taratibu, akaomba kitonge, akala, akaomba kingine. Baadaye mama yake alikuja kwetu kuuliza vinatengenezwaje. Kwa hiyo, suala la chakula lilikwisha. Lingeweza kwisha mwezi wa pili, kwa saa moja tu jikoni, kama ningefungua mdomo.

Mwezi wa kumi tulirudi kwa Nesi Dorotea. Alimfunika Boke jicho la kushoto, akanyoosha vidole. "Vitatu!" Boke akajibu haraka. Jioni alikuwa haongozwi tena. Kisha nesi akafunika la kulia.

"Sasa?"

Boke alingoja. "Bado hujanyoosha," alisema.

Vidole vya nesi vilikuwa mbele ya uso wake.

Tukiwa njiani kurudi mama alisema, "Jenoveva, sikukasirika kwa sababu Boke alikataa dagaa. Mtoto akikataa chakula, mzazi atakipika kwa namna nyingine. Lakini uliniambia anakula, nami nikalala usingizi. Ungeniambia siku ile ya kwanza kwamba wanamcheka, tungelitengeneza. Shida ya nyumbani isemwe mapema, hata kama ni ya aibu."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini kusamehe hakurudishi kitu."

Boke alikuwa katikati yetu, ametushika mikono. Akanivuta.

"Dada, hili jicho lingine litapona lini?"

Nilimtazama mama. Nilitaka kusema litapona Krismasi, au akifika darasa la tatu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Mwambie," mama alisema.

Nikapiga magoti barabarani ili uso wangu uwe mbele ya lile jicho lake zima. "Halitapona, Boke," nilisema. "Na ni kwa sababu yangu."