Mume Aliyepotea Akiwa Nyumbani

Kila asubuhi Juliana hukamua ng'ombe zizini kwao, Basotu. Zamani mumewe, Gidabuday, alimshikia ndama huku akimtania.

"Taratibu, mama Monica! Huyo ni ng'ombe, si bomba la maji."

Juliana alicheka mpaka maziwa yakamwagika.

Sasa Gidabuday huketi kwenye jiwe, kimya. Yuko karibu kabisa, lakini Juliana ana hamu naye kama mtu aliyesafiri mbali.

Mambo yalianza malishoni. Wachungaji wenzake walimpa bangi. "Inaondoa baridi," walisema. Alivuta mara moja, kisha kila siku. Akaanza kusahau ng'ombe porini. Akadai majirani wanamsema vibaya. Juzi alimwinulia Juliana fimbo, akimwita mchawi.

Baba yake, mzee Gidahosh, alitengeneza pombe ya asali. Katika ukoo wao, mtu mwenye shida huombewa na wazee, kisha hunyweshwa pombe hiyo. Gidabuday alikunywa. Mara akawatukana wazee, akaanguka, akatapika.

"Baraka hazijamwingia," mzee alisema. "Kesho tumwongezee."

Juliana aliogopa. Akamwita Oliva, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kutukataza mila zetu?"

"Hapana, baba. Mwombeeni. Ninachoogopa ni ile pombe iliyomo kwenye kibuyu."

Oliva aligusa kichwa chake mwenyewe.

"Humu ndani ubongo hutuma ujumbe: kumbuka hili, ogopa lile, furahi. Bangi huuvuruga ujumbe huo. Ndiyo maana anasahau. Anaona adui mahali ambapo hakuna adui. Tena ubongo ukizoea bangi, furaha za kawaida hazimgusi."

"Hata mimi simgusi?" Juliana aliuliza.

"Hajaacha kukupenda, dada. Ubongo wake unaumwa. Pombe nayo huuvuruga. Mkiiweka juu ya bangi, mnamzidishia ugonjwa."

Mzee aliinama. "Kumbe nimemwumiza mwanangu?"

"Ulimtafutia uzima, baba. Sasa tumpeleke hospitali, Katesh. Wako wataalamu wa magonjwa ya akili. Asipigwe, wala asifungwe kamba."

Gidabuday aliinuka kwenye jiwe. "Siendi! Watanifungia huko."

"Tutaingia wote," mzee alimjibu. "Wakikufungia wewe, na mimi wanifungie. Tutaona nani atatuchungia ng'ombe."

Gidabuday akakubali kwa kichwa.

Siku ya safari, wazee walimwombea kwa maziwa, si kwa pombe. Hospitali alipimwa, akapewa dawa na ushauri. Aliporudi, hakuchunga tena na wale wenzake. Alilima na baba yake. Haikuwa rahisi. Siku nyingine hamu ya bangi ilimshika, akakasirika, akakosa usingizi. Mzee alikaa naye. Kliniki hawakuacha kwenda.

Miezi ikapita. Siku moja Juliana alikuwa anapepeta mahindi. Gidabuday alikuja, akaketi karibu naye. Alimtazama binti yao, Monica, akikimbiza kuku.

"Mama Monica, huyu alianza kutembea lini?"

Juliana alishtuka. "Ulikuwepo. Alitembea akija kwako. Alikushika goti."

Gidabuday aligusa goti lake. Machozi yakamlenga.

"Sikumbuki," alisema. "Nisimulie."

Juliana aliweka ungo chini. Akamsimulia yote, polepole, na mumewe akasikiliza kila neno.