Mchumba Wangu Hayumo Kwenye Jedwali

"Nitafute humo. Chukua muda wako."

Geji aliiweka ripoti mezani kwangu, imefunguliwa ukurasa wa tisa. Alikuja ofisini saa ya chakula cha mchana akiwa bado na ovaroli la kazi, na hakukaa. Mtu ambaye kila akija huanza na utani, siku hiyo hata hujambo hakunipa.

"Ripoti haina majina," nikamwambia. "Tumetumia namba tu, ili mtu asipendelewe."

"Basi tafuta boila. Boila zina watu wangapi?"

Jibu nilikuwa nalo kichwani, maana jedwali nililitengeneza mwenyewe.

"Watatu."

"Jana zamu yangu peke yake tulikuwa kumi na wanne. Na zamu ziko tatu. Wewe ndiye mtu wa hesabu, malizia."

Ngoja niwaeleze, msije mkanihukumu mapema. Mimi ni karani wa takwimu katika ofisi ya ajira ya jiji. Kiwanda cha vitambaa anakofanya kazi Geji kitazima boila zake mbili za makaa ya mawe mwisho wa mwaka, na kazi yake ifanywe na mitambo ya umeme wa jua. Hewa itakuwa safi, na hakuna anayelipinga hilo, wao watu wa boila ndio wa kwanza kukohoa. Jiji liliahidi kwamba yeyote ambaye kazi yake itazimika pamoja na boila atafundishwa mitambo mipya kabla moto haujazimwa, na nafasi yake itamsubiri. Wenzetu wa mazingira walikuwa na daftari la moshi, wanajua bomba lipi linatoa kiasi gani. Sisi tulikuwa na daftari la watu. Kazi yangu ilikuwa kuyaunganisha madaftari hayo mawili, nionyeshe nani anasimama chini ya bomba lipi. Nikaonyesha watu watatu, nikaipeleka ripoti ikapigwa muhuri, nikajisifu.

"Faili limetoka kiwandani kwenu," nikajitetea.

"Na mimi faili linasema ni nani?"

"Sikukutafuta. Niliapa nisikutafute."

"Kwa nini?"

"Ili watu wasiseme nimempendelea mchumba wangu."

Akacheka kicheko kikavu.

"Nimeandikwa mfagiaji wa ua. Niliingia na ufagio miaka kumi na moja iliyopita. Kwetu cheo ulichoingia nacho ndicho utakachozikwa nacho, hata kama leo wewe ndiye unayewasha boila na kuizima."

"Si ungeniambia?"

"Si ungeuliza?"

Wenzake walimpa jina la Geji kwa sababu husikiliza mvuke kwa sikio na kukuambia presha bila kutazama geji yenyewe. Mtu huyo nilikuwa nimemweka na wafagiaji, kwenye safu ya "hawataathirika."

"Wenzangu wanasema nilijua," akaendelea, sauti imeshuka. "Wanasema mchumba wa Geji katufuta, na Geji kanyamaza. Harusi imebaki wiki tatu. Nitasimama mbele yao na uso gani?"

"Unataka kusema nini?"

"Nasema tusubiri kwanza."

Akatoka. Ripoti aliiacha pale pale, ukurasa wa tisa.

Nilimfuata bosi wangu ofisini kwake nikamweleza yote. Ni mzee mwenye haki, lakini haki yake ina milango mingi.

"Kamati inakaa Ijumaa," akasema. "Wakipitisha watatu, watafundishwa watatu. Wengine watapewa barua ya shukrani."

"Nipe mpaka Alhamisi, bosi."

"Utaniletea nini? Maneno ya mchumba wako?"

"Hapana."

"Maana ukiniletea hayo, ripoti nzima itatupwa, na wewe utaifuata."

Jioni nikamtumia Geji ujumbe: "Naomba tuongee." Akausoma. Nikatuma mwingine: "Nimekosea. Nipe nafasi nirekebishe." Huo nao akausoma, kimya. Simu ilipoita niliidaka kabla haijalia mara ya pili, kumbe ni mama.

"Mwanangu, fundi cherehani anauliza, gauni lifike chini kabisa au liishie kwenye vifundo?"

"Mwambie asubiri kidogo, mama."

"Asubiri nini, gauni au bwana?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Haya," akasema mama taratibu. "Nitamwambia akate vitambaa vyangu kwanza. Lakini usilale na njaa."

Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekosea nikidhani natenda haki, na kosa la namna hiyo huna hata wa kumlaumu.

Jumatano nikaenda kiwandani. Afisa utumishi akanifungulia faili lile lile, akanionyesha watatu wale wale.

"Karatasi haisemi uongo, dada."

"Ila inaweza kuambiwa uongo," nikamjibu, nikatoka nimenuna.

Nikipita mbele ya dirisha la stoo nikasikia mama mmoja anagomba. Ndiye Mama Stoo, amekaa nyuma ya dirisha hilo miaka ishirini.

"Leta kwanza kile cha zamani. Bila kuonyesha kilichoungua hupati kipya."

Kijana wa watu akainua jozi ya buti ambazo soli zake zimeyeyuka. Kifuani alikuwa na kitambulisho, na kwenye kitambulisho pameandikwa: mlinzi. Nikarudi dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si ndiye uliyemfuta mumeo?"

"Ndiye mimi."

"Afadhali hukatai. Unataka nini?"

"Nataka kujua mlinzi anaunguzaje kiatu."

"Kwa kulinda moto," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Mwanangu, chumba cha boila sakafu yake ni ya moto. Ukiingia na kiatu cha kawaida, mpaka mchana unatembea peku. Wanaokaa mle wote wanavaa buti hizi, na wasiokaa mle siwapi, hata aje mkurugenzi."

"Na unaandika unaompa?"

"Nisipoandika si wataniibia?"

Akatoa daftari kubwa lenye jalada la kitambaa. Kila miezi sita: tarehe, namba ya mfanyakazi, jozi iliyorudi imeungua, jozi mpya. Namba, siyo majina. Nikaketi kwenye boksi la misumari, nikafungua orodha yangu, nikaanza kulinganisha namba kwa namba, yeye akisoma na mimi nikitafuta.

"Mia mbili na kumi na nne."

"Mpakiaji mizigo."

"Tisini na sita."

"Huyu ameandikwa mpishi, mama."

"Kantini ilifungwa miaka saba iliyopita. Anapika makaa."

Tukacheka, halafu tukaendelea. Wafagiaji kumi na wawili, wapakiaji kumi na wanne, walinzi kumi na mmoja, mpishi mmoja, na wale watatu wangu. Arobaini na moja. Watu thelathini na wanane nilikuwa nimewaacha nje ya mlango.

"Mia mbili na saba," akasoma Mama Stoo, kisha akanitazama juu ya miwani. "Huyu unamjua."

"Namjua."

"Humjui. Miaka minne nyuma walimwita wampe cheo cha fundi boila. Akauliza, na wenzangu? Wakamwambia wewe peke yako. Akasema basi niacheni na ufagio wangu."

Sikuwa nalijua hilo. Miaka miwili nilikuwa namuuliza umekula, umechoka, kifua kinaendeleaje. Sikuwahi kumuuliza ameandikwa nani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikihesabu kitanda kutoka mlangoni.

Daftari la buti peke yake bosi angelipiga teke. Alhamisi, kwa ruhusa ya afisa utumishi aliyekuwa sasa mpole baada ya kuliona daftari la Mama Stoo, nikaweka meza kwenye lango tangu alfajiri, kila zamu zilipopishana. Swali langu kwa kila anayepita lilikuwa moja tu, na nikawaomba wenye buti na wasio na buti wajibu vile vile: zamu yako ya mwisho ulishinda wapi? Wengine walinijibu kwa hasira. Mlinzi mwenye soli zilizoyeyuka aliniuliza, "Leo ndiyo umetuona?" Nikamwambia ndiyo, leo, na naomba radhi. Akanitazama, akajibu swali.

Mwishoni kabisa mwa foleni alikuwa amesimama Geji.

"Namba?" nikauliza, macho kwenye karatasi.

"Mia mbili na saba."

"Zamu yako ya mwisho ulishinda wapi?"

"Boila namba mbili."

Nikaandika. Hakuondoka.

"Baada ya zamu nilishinda nikitazama simu," akasema.

"Hilo halina safu kwenye fomu."

"Tengeneza."

Nikainua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na mara hii sidhani ni moshi.

"Kwa nini hukuniambia walikupa cheo ukakataa?"

"Ningekuambiaje? Naoa mtu wa ofisi, halafu nimwambie mumeo ni mfagiaji kwa hiari yake?"

"Mimi ningekupenda zaidi."

"Sasa je?"

"Sasa nina kazi. Kaa pembeni, usije ukaniharibia ushahidi."

Akakaa pembeni. Nilisikia wenzake wakimtania, na utani ule ulinipoza moyo kuliko maji, kwa sababu aliyekasirikiwa hataniwi.

Jioni bosi alisoma kila kitu, daftari upande huu, majibu ya langoni upande ule. Namba zililingana zote. Akavua miwani.

"Nikuulize. Umempendelea mchumba wako?"

"Hapana, bosi. Nilimpunja, yeye na wenzake, kwa kuogopa kumpendelea."

"Na hili swali lako la langoni, kwa nini halikuwa kwenye fomu tangu mwanzo?"

"Kwa sababu nilidhani cheo na kazi ni kitu kimoja."

"Andika hivyo hivyo, ukurasa wa kwanza," akasema. "Kuna viwanda sita vinafuata. Visitukute tumelala."

Ijumaa sikuweza kula. Saa tisa na robo simu ikaita.

"Imepita," akasema bosi. "Arobaini na moja. Na wameongeza sharti: hakuna boila kuzimwa mpaka wa mwisho awe amepata nafasi mpya."

Nilikaa chini sakafuni, pale pale kwenye korido, mgongo ukutani, na pumzi niliyoishusha ilikuwa ya siku nne. Kisha nikaandika ujumbe: "41. Na wewe umo."

Jibu lilikuja kabla sijasimama: "Fundi cherehani anasubiri nini?"

Mama alipopokea simu yangu hakuuliza lolote. Alisema tu, "Basi lifike chini kabisa," akakata.

Wiki mbili na ushei baadaye, siku ya kuandikisha ndoa, karani wa pale alikuwa na fomu mbele yake na barua ya mwajiri wa Geji pembeni. Mama alikuwa nyuma yetu, na Mama Stoo, shahidi wetu, amevaa viatu vya kisigino.

"Kazi ya bwana harusi," akasema karani, kalamu tayari. "Barua inasema mfagiaji wa ua."

"Barua ni ya zamani," nikadakia.

"Basi niandike nini? Fundi boila?"

"Boila zinazimwa," akasema Geji.

"Sasa, bwana, wewe ni nani?"

Geji akanigeukia. Nikafunga mdomo wangu, maana safari hii swali lilikuwa la kwake.

"Mafunzo ya mitambo yalianza Jumatatu," akamwambia karani. "Andika mwanafunzi."

"Mwanafunzi, na umri huu?"

"Na umri huu. Tuko arobaini na mmoja darasani. Na mpishi yumo."

Mama Stoo akacheka mpaka kisigino kimoja kikamtoka. Karani akaandika, akaigeuza fomu upande wangu, akanionyesha pa kutia sahihi. Nilianza kwanza na safu ya kazi, nikaisoma herufi kwa herufi. Kisha nikasubiri wino ukauke, nikasaini.