Chiriku Apiga Picha ya Yai la Kipepeo

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia studio ya shangazi yake mpiga picha. Alifagia, akapanga viti, kisha akaanza kuzungumza. Jina hilo la utani hakulipata bure. Hata wateja wa picha za pasipoti, ambao hawatakiwi kucheka, aliwachekesha mpaka picha zikarudiwa.

Muhula ule darasa lao lilikuwa likitunza mayai mawili ya kipepeo, madogo kama punje za ulezi, kwenye tawi la mlimau. Mwalimu wa sayansi alitaka picha kubwa ya kiwavi akitoka kwenye yai, ibandikwe ukutani siku ya wazazi. Kabla hajamaliza kueleza, Chiriku alikuwa amesimama, akisema kazi hiyo aachiwe yeye. Basi Jumamosi akaenda studio na chupa yenye tawi lile, pamoja na jirani yake wa dawati, msichana mwenzake mpole waliyemwita Bi Taratibu.

Shangazi alifungua kabati la vifaa. Aliwaeleza kwamba kamera ikiwa karibu sana na kitu, ikisogea kidogo tu, picha inapoteza ukali. Akawatolea vifaa viwili. Kimoja kilikuwa mfuko mweusi wenye mikunjo, unaofungwa kati ya kamera na lenzi na kuvutwa ili kitu kionekane kikubwa zaidi. Kingine kilikuwa reli fupi ya chuma iliyochubuka rangi, yenye skrubu ya kusogeza kamera mbele na nyuma polepole.

"Vijaribuni vyote kwa punje ya chumvi, ndipo mchague," alisema, kisha akaenda kumhudumia mteja.

Chiriku hakuona haja ya kujaribu. Mfuko ule ulimjaa machoni. Alishajiona akiutaja mbele ya darasa zima. Bi Taratibu alipomkumbusha habari ya chumvi, alijibiwa kuwa chumvi ni ya jikoni.

Yai la kwanza lilikuwa limeshakuwa jeusi, dalili kwamba kiwavi yu tayari. Walifunga mfuko, wakauvuta hadi mwisho. Picha ikawa giza, na kila Chiriku alipougusa mfuko, yai lilikimbia nje ya picha kana kwamba lina miguu. Akiwa bado anahangaika, miguu ikatokea kweli: kiwavi alitoka, akatambaa zake. Picha zote zilikuwa ukungu mtupu.

Shangazi aliporudi na kuuliza kulikoni, Chiriku alifungua mdomo kusema kwamba mfuko umetoboka. Kisha akaghairi. Aliufungua mfuko kutoka kwenye kamera, akamkabidhi.

"Shangazi, mfuko ni mzima," alisema. "Hatukujaribu. Mwenzangu alinikumbusha, mimi ndiye niliyekataa."

Shangazi hakugomba. Aliuliza kama kuna yai jingine. Lilikuwepo, nalo lilianza kuwa jeusi.

"Basi leteni chumvi, upesi."

Kwa mfuko, punje ya chumvi ilionekana kubwa kama jabali, lakini kona yake moja tu ndiyo iliyoingia kwenye picha, tena gizani. Kwa reli, punje nzima ilionekana, na skrubu ilipozungushwa, ukali ulihama taratibu kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Chiriku mwenyewe ndiye aliyechagua reli.

Bi Taratibu alishika skrubu. Chiriku alishika kitufe, mdomo kaufumba, pumzi kaibana. Yai likapasuka, kichwa kidogo kikachungulia, na kila kinyweleo kilionekana. Kiwavi alipokwisha kutoka, akageuka na kuanza kulila ganda lake.

Siku ya wazazi, baba mmoja aliitazama picha akauliza huyo ni mnyama gani wa porini. Watu wakacheka. Chiriku aliwaeleza yote, hata jinsi yai la kwanza lilivyowaponyoka.

Umati ulipopungua, shangazi aliwasogelea wale wasichana wawili.

"Kifaa hakichaguliwi kwa sura, wanangu. Unakijaribu kwanza, uone kama kinafaa kazi uliyo nayo," alisema. Kisha akamgeukia Chiriku. "Nawe ulisema kweli mapema, ndiyo maana tuliliwahi yai la pili. Ungeusingizia mfuko, tungebaki tukitafuta tundu lisilokuwepo, na kiwavi angetoka bila kuonwa na mtu."