Geti la Chuo Kikubwa

Kila asubuhi fundi mmoja wa kuchomelea vyuma huanza kazi kwa nyundo. Kabla ya kupaka rangi dirisha au mlango alioutengeneza jana, hugonga kila kiungo. Kikiachia, anachomelea upya. Rangi huja mwisho.

Mtaani wanamwita Mzee Geti. Ndiye aliyetengeneza geti la chuo kikubwa cha afya, lile refu lenye herufi za rangi ya dhahabu, na huu mwaka wa kumi hajachoka kulisimulia. Binti yake alipopata nafasi katika chuo hicho, kusomea upimaji wa maabara, karakana nzima ilijua kabla ya chai.

Shida ni kwamba binti alipata nafasi mbili. Ya pili ilikuwa katika chuo kidogo nyuma ya kituo cha afya, chuo cha paa la bati ambacho mtaani hakuna aliyelijua jina lake. Na binti alitaka kwenda huko. Alitakiwa kurudisha fomu moja tu, yenye saini ya mzazi, mwisho Ijumaa saa kumi jioni.

Wiki hiyo nyumba haikukalika. Mwambie baba, mwambie mwanao, ujumbe wote ukapitia kwa mama, na watu wako meza moja. Alhamisi baba alipasuka.

"Ukienda kwenye lile banda, mimi simo. Watu nitawaambia nini?"

"Kwani baba, watu ndio watakaonifundisha kazi?"

Baba alichukua kalamu. Alitia saini fomu ya chuo kikubwa, akaitia kwenye mfuko wa shati. Binti alijifungia chumbani akalia. Mama naye aliumia, maana wote wawili ni wake.

Ijumaa asubuhi mama alimwita jirani yao, mpimaji wa maabara wa miaka mingi. Jirani hakusema chuo kipi ni bora. Alimuuliza fundi anavyompata msaidizi mpya wa karakana. Fundi akaeleza kwamba humpa vipande viwili vya chuma aviunganishe, kisha hugonga.

"Humuulizi alijifunzia wapi?"

"Ya nini? Nyundo itaniambia."

"Basi shemeji, na vyuo vinagongwa hivyo hivyo. Kwanza hakikisha kimesajiliwa na serikali. Halafu ingia ndani uulize. Nani anafundisha? Hadubini moja wanatumia wangapi? Mazoezi wanafanyia wapi? Viko vyuo vikubwa vinavyofundisha vizuri sana, na viko vidogo vya ovyo. Ukiangalia jina tu hutajua."

Fundi alinuna, lakini maneno ya nyundo yalikuwa yamemwingia. Akaondoka na binti yake.

Walipita chini ya geti. Baba aligundua, kwa aibu kidogo, kwamba miaka yote hiyo hajawahi kwenda mbele ya hapo. Usajili ulikuwepo. Katika maabara walikuta hadubini kumi na mbili, mashine za kuonea vidudu visivyoonekana kwa macho matupu, zote zimefunikwa nailoni. Baba alimwomba mwanafunzi wa mwaka wa tatu amwonyeshe moja inavyofanya kazi. Yule dada aliinamisha kichwa.

"Mzee, darasani tuko mia mbili. Mwalimu akitumia, sisi tunatazama."

Saa nane walifika chuo kidogo. Baba alisoma cheti cha usajili ukutani, akanakili namba yake, kisha akampigia jirani athibitishe katika orodha ya serikali. Kilikuwemo. Wanafunzi walikuwa ishirini, hadubini kumi. Kila asubuhi walifanya mazoezi katika kituo cha afya, mwalimu wao akiwa pembeni. Msichana wa mwaka wa kwanza aliandaa kioo, akarekebisha mashine, akamkaribisha baba achungulie. Baba alichungulia muda mrefu.

Saa tisa na nusu. Binti alikuwa ameshika fomu ya pili, haina saini. Baba alitoa ile ya mfukoni, akaikunja mara mbili, akairudisha.

"Kalamu unayo, mama?"

"Ninayo, baba. Na watu utawaambia nini?"

"Nitawaambia nimegonga."

Fomu ilipokelewa zikiwa zimebaki dakika kumi.

Karakana walimcheka, tena sana. Ikapita miaka mitatu. Binti alimaliza masomo, na kituo cha afya alikofanyia mazoezi kikamwajiri mwezi uleule. Sasa anakaa meza moja na yule jirani, aliyehamishiwa hapo. Wakibishana juu ya kipimo, si mara zote jirani anashinda.

Juzi lori liligonga geti la chuo kikubwa, fundi akaitwa kulitengeneza. Alikuwa akijaribu bawaba kwa nyundo mlinzi alipomsogelea.

"Mzee Geti, yule binti yako si anasoma hapa?"

"Hapana," alisema fundi, akagonga tena. "Yuko kazini."