Mwati na Njia ya Mkato

Gakii hakunywa chai kabla ya kukinusa kikombe. Ndivyo alivyoianza kila siku nyumbani kwao mjini Meru: alinusa kikombe, akanusa taulo, akanusa soksi za sare, na chochote kilichomkera pua alikirudisha kwa mama yake huku amekunja uso. Mdogo wake, Kailemia, alimwita Mkaguzi. Shuleni aliketi dawati moja na Saado, msichana nadhifu kama yeye, na wawili hao walikuwa wamekula kiapo kwamba hawataingia chooni kabla ya kumwaga ndoo nzima ya maji.

Basi Jumamosi moja asubuhi alipotoka nje na gauni lake jipya na viatu vyeupe, akamkuta babake akimsukuma kondoo ndani ya gari la familia, kinywa kilimjaa mate ya kichefuchefu.

"Baba, huyo anaenda wapi?"

"Anakokwenda kila mtu leo," Baba akajibu bila kugeuka. "Kwa wakwe."

Kaka yao mkubwa, Muthamia, alikuwa akipeleka mahari kwa kina Susan, mchumba wake, upande wa Ishiara, kule Mbeere. Yeye na wazee wa ukoo walikuwa wameshaondoka alfajiri kwa gari la kukodi, wakiwa na asali na kondoo dume. Aliyebaki ni mwati, kondoo jike ambaye hajawahi kuzaa, kwa sababu alichelewa kuletwa kutoka shambani. Na katika ukoo wao, mwati ndiye ufunguo. Kabla hajaonwa na watu wa upande wa bibi harusi, wazee huketi wakitazamana tu, na hakuna anayetamka neno la mahari.

Mama alimwita Gakii kando akamweleza kazi yake. Mwati hatakiwi kuwa na kilema wala kidonda wala ugonjwa. Akifika akichechemea au akiwa hoi, atarudishwa, nao watarudi naye, na Muthamia atabaki na aibu ambayo hata sabuni ya kipande haiiondoi. "Wewe na Kailemia mtaketi naye nyuma," Mama akamalizia. "Macho yako yasimtoke."

Kiti cha nyuma kilikunjwa nusu, mwati akasimamishwa kwenye nafasi hiyo, pua yake ikiwa karibu na bega la Gakii. Alinuka manyoya mabichi na jasho. Kabla hawajafika Nkubu alikuwa amekojoa. Mkojo ulitiririka sakafuni kama kijito, ukapita chini ya viatu vyeupe, na Gakii akainua miguu na kubaki hivyo, kitambaa kikiwa puani.

"Ukiziba pua, harufu inapitia mdomoni," Kailemia akamwambia. "Sasa unaila."

Kule mbele Baba hakuwa na habari. Alikuwa akifurahia kifaa chake cha GPS, ambacho alikinunua dukani kwa Liban, kaka yake Saado. Kilibandikwa kwenye kioo cha mbele, na ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamke aliyeongea Kiingereza cha puani. Watoto walimwita Madamu. Baba, ambaye ofisini kwao hakuna aliyethubutu kumkosoa, alimtii Madamu kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Akiambiwa kata kushoto, hukata. Siku moja Madamu alimwambia apinde kulia, akaingia ndani ya ua wa kanisa katikati ya maziko, na bado akamtetea.

Walisimama Chuka kutia mafuta. Baba alishuka kulipa, Mama akampeleka Kailemia msalani. Mwati alitumia nafasi hiyo kuangusha kinyesi, vidonge vingi vyeusi, vingine vikadunda hadi kwenye mapaja ya Gakii. Hapo uvumilivu ulimwisha. Aliruka kiti cha mbele, akakigusa kile kifaa, akafungua mahali pa kuchagua njia. Baba alikuwa amechagua njia ya haraka inayofuata lami. Gakii akabonyeza njia fupi, na kilomita zilizobaki zikapungua karibu nusu. Akarudi nyuma, akajipangusa, akanyamaza. Aliona ameokoa pua zote garini.

Walipoondoka, haikuchukua muda Madamu akawaambia waache lami. Baba alishangaa kidogo, lakini akakata.

"Kina Susan walisema tufuate lami mpaka Ishiara," Mama akasema. "Tena walisema tukifika sokoni tuwapigie simu, watu waje watupokee."

Baba akacheka. Alisema hajawahi kusikia mwanamume akimpigia muthoni, yaani mkwe wake, simu siku ya mahari kumwambia hajui njia. Wakwe hawaonyeshwi mtu akihangaika. Watu wa Mbeere wangemtungia wimbo, na wajukuu wake wangeuimba. "Huyu hapa anajua kila kichochoro," akasema, akakipapasa kifaa kichwani.

Barabara ikawa njia, njia ikawa kijia. Vumbi liliingia kwa kila tundu. Baridi ya mlimani ilibaki nyuma, na joto la nyika likaanza kuupika mkojo wa kondoo. Miiba ya migunga ilikwaruza milango. Mwati alianza kuhema, ulimi nje, na Gakii akaona ute mzito ukidondoka kutoka mdomoni mwake hadi kwenye gauni. Alitaka kulia.

Mbele wakawakuta wanawake wawili waliobeba mitungi ya maji. Waliwaona, wakatua mitungi, wakapunga mikono kwa nguvu.

"Wanataka lifti," Baba akasema, akapandisha kioo. "Tungewaweka wapi?"

Kijia kiliteremka hadi kwenye mkondo mpana ulioonekana mkavu. Juu yake palikuwa na gamba jeusi lililopasukapasuka kama tope la mwaka jana. Ng'ambo palisimama ndege korongo kadhaa wenye vipara, shingo zao zikining'inia, wakitazama gari kama watu waliolipa kiingilio. Madamu akasema waendelee mbele. Baba akaendelea mbele.

Gamba likavunjika.

Magurudumu yalizama kwa mlio wa kunyonya, kisha ikaja harufu. Gakii alikuwa amewahi kunusa mambo mengi maishani, lakini hii haikunuswa, ilishika. Ilimshika kooni. Juu ya kilima mbele yao palikuwa na kichinjio, na uchafu wake wote ulikuwa umeachiwa uteremke hadi hapa: damu iliyooza, majani yaliyotafunwa nusu kutoka matumboni mwa ng'ombe, vipande vya utumbo, kwato. Juani vyote vilikuwa vimekauka juu na kubaki uji chini. Baba alikanyaga mafuta ili atoke, magurudumu yakazunguka, na uji ule wa kijani ukarushwa juu, ukapiga vioo, na mwingine ukaingia kwa dirisha la Mama. Nzi walipanda kama moshi. Kailemia alitapika kwenye kofia yake.

Madamu, kwa sauti ileile tulivu, akawaambia waendelee mbele.

"Mwati," Mama akasema ghafla. "Mtoeni, anakufa kwa joto."

Macho ya kondoo yalikuwa yamegeuka meupe nusu. Gakii alitazama mlango, akatazama uji, akatazama viatu vyake. Kisha akamfikiria Muthamia ameketi katikati ya wazee waliofunga vinywa. Alifungua mlango akashuka. Uji ulimfika magotini, vuguvugu, laini, na kitu fulani kikajizungusha kwenye kifundo cha mguu wake. Alipiga mayowe huku amefunga mdomo. Yeye na Mama walimbeba mwati, mmoja mbele, mmoja nyuma, kichwa cha mnyama kikiwa shavuni mwa Gakii, hadi ukingoni penye kivuli chembamba cha mgunga. Mama alimimina maji ya kunywa kwenye kiganja, mwati akalamba.

Baba naye alikuwa ukingoni, suti yake ikiwa kijani hadi kiunoni, simu sikioni. Alikuwa akimfokea mtu. Alimwita tapeli. Alisema amemuuzia takataka, kwamba kifaa chake kimewatia watu shimoni siku ya mahari, na kwamba Jumatatu asubuhi atakuja dukani na polisi.

Kutoka kwenye simu Gakii alisikia sauti ya Liban, ya unyenyekevu, ikisema, "Mzee, samahani sana. Labda kimeharibika. Nitakurudishia pesa zako." Ni sauti ileile iliyokuwa ikiwaita yeye na Saado waje wapewe sambusa nyuma ya duka. Gakii alijinusa. Naam, alijinusa yeye mwenyewe, akaona ananuka kuliko mkondo wote ule.

"Baba, Liban hana kosa," akasema. "Ni mimi."

Baba akageuka.

"Nilibadilisha njia kule Chuka. Nilichagua njia fupi kwa sababu kondoo alikuwa ananuka. Ulipokata hapa nilijua ni mimi nimesababisha, nikanyamaza."

Korongo mmoja alikunja shingo. Baba alimtazama binti yake, simu ikiwa bado hewani. Wote walitarajia radi. Badala yake akairudisha simu sikioni, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Liban, mwanangu. Nimekutukana bure. Kosa ni la nyumbani kwangu. Nisamehe." Kisha akampa Mama ile simu. "Wapigie wakwe," akasema. "Waambie tumepotea, tuko chini ya kichinjio."

Wakwe hawakukawia. Walikuja kwa pikapu, vijana watano na kamba, na mbele yao shangazi yake Susan, Cicily, mama mnene aliyevaa gambuti chini ya gauni la sherehe. Alisimama ukingoni, akawatazama mmoja mmoja kuanzia kichwani hadi miguuni, mkono kiunoni.

"Tumewaandalia maji ya kuoga nyumbani," akasema. "Kumbe watu wa Meru huoga kichinjioni."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, kisha hata Baba hakuweza kujizuia. Vijana walifunga kamba wakalivuta gari, wakirushiwa uji na kulaani. Cicily aliutemea mate ule mkondo. Alisema wamewashtaki wenye kichinjio mara nyingi, lakini watu wamezoea kuzunguka tu, na uchafu unaozungukwa hauondoki. Mvua ikinyesha, wote huunywa. Hao wanawake wa mitungi hutoka mbali kufuata maji safi kwa sababu hiyohiyo, na kila gari geni linaloteremka huku hulipungia mikono lirudi.

Baba akainamisha kichwa. Aliikumbuka ile lifti.

Nyumbani kwa kina Susan, Gakii alimwosha mwati mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Alimsugua kwa sabuni kutoka masikioni hadi katikati ya kwato, akachambua kwa vidole kila kipande cha utumbo kilichonata kwenye manyoya, akimeza mate machungu. Kisha wanawake wakamzunguka. Cicily alifungua mdomo wa kondoo akatazama meno. Akainua mkia. Akapapasa miguu, mmoja baada ya mwingine, na kwenye wa mwisho akasita. Kule chini ya kivuli chembamba cha paa, Muthamia alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, akimtazama dadake.

"Ni mwiba tu wa mgunga kwenye manyoya," Cicily akasema, akautupa. "Mwati ni mzima. Wazee wafungue vinywa."

Vigelegele vilipopigwa, Gakii aliketi chini kwenye majani. Cicily akaja akaketi kando yake, ingawa msichana yule bado alinuka vibaya mno.

"Babako ameniambia yaliyotokea," akasema. "Sikia. Tope lile limetoka kwa sabuni na maji ya ndoo tatu. Lakini ungenyamaza, yule kijana wa duka angebaki anaitwa mwizi, na hilo doa ungeliosha na nini? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Leo umeipita mwenyewe, umeona inaishia wapi. Umefanya vyema kugeuka."

Walipoondoka jioni, harufu ilikuwa bado garini, na Gakii alijua kazi yake ya Jumapili yote ni nini. Baba hakukitupa kile kifaa. Alikiwasha, akamwomba Gakii arudishe njia ya lami mbele ya macho yake, kisha kwenye njia panda ya kwanza akasimamisha gari hata hivyo. Wale wanawake wawili wa asubuhi walikuwa wakitembea ukingoni, mitungi mgongoni. Baba akateremsha kioo.

"Poleni na kazi, mama zangu. Mtusamehe kwa asubuhi. Tukienda Chuka, hii lami ni nzuri mpaka mwisho?"

Wanawake walizitambua zile alama za kijani kwenye milango, wakashikana mabega kwa kicheko. Walipoweza kusema, wakamwambia ni nzuri, ila baada ya daraja apunguze mwendo, kuna mashimo. Baba akawashukuru.

"Gakii," akasema walipoondoka, macho yake yakiwa barabarani. "Wewe ulificha kosa, nami nikakataa kuuliza. Tumezama pamoja. Madamu huyu ni wa msaada, lakini hana macho ya kuona watu wakitupungia, wala hana pua. Wewe una pua kuliko sisi sote. Kuanzia leo itumie kunusa kosa lako kabla hujanusa la mwingine."

"Ndiyo, Baba," Gakii akajibu, na kitambaa chake kikabaki mfukoni hadi Meru.