Kilichoingia Tangi la Kihara

Kifuniko cha tangi kilikataa kufunguka. Adongo alikishika kwa mikono miwili, akakizungusha kwa nguvu, na kilipoachia, tangi likavuta pumzi. Haikuwa fyu ya kawaida ya hewa iliyobanwa. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyeibuka majini baada ya kukaribia kufa, na ilivuta upindo wa kitambaa chake cha kichwa ukaingia ndani ya tundu. Adongo akaunasua. Kisha tangi likatoa pumzi, hewa ya moto, na harufu ya mayai viza ikampiga usoni.

"Tundu la hewa limeziba," alimwambia mwenye gari. Ufundi ulikuwa umemzoesha kufikiri hivyo. Kifuniko kikiziba, hewa haiingii, petroli haitoki, na gari hufa njiani kama mtu aliyebanwa pua.

Mwenye gari aliitwa Kihara. Alikuwa mbeba samaki, akiwatoa Kamere, kando ya ziwa, na kuwapeleka Nakuru kwa pikapu ya Pijo kuukuu, ya zama za kabureta. Mchana huo vijana wa ufuoni walikuwa wamemsaidia kuisukuma hadi gereji ya Adongo na mumewe Dalmas, wakaondoka. Jua lilikuwa kali na vumbi la barabara lilikuwa limetulia kama watu waliolala.

"Inawaka vizuri," Kihara alisema. "Nikianza kupanda mlima, inakohoa, inazima. Na tangi imejaa, fundi. Najaza kila siku, na kila siku inakunywa."

"Inavuja?" Dalmas aliuliza kutoka chini ya gari.

"Hata tone."

Adongo akazibua kifuniko kwa waya, akawasha. Injini ikanguruma kidogo, ikakohoa, ikafa. Akafungua filta, akaikuta safi. Akafungua bakuli la kabureta. Boya lilikuwa zima, sindano haikukwama, lakini bakuli lenyewe lilikuwa kavu kama kikaango. Basi mafuta hayafiki, alijiambia. Akachomoa paipu kwenye kabureta, akaitumbukiza ndani ya chupa, akamwambia Kihara apige starta.

Petroli ikaruka chupani, tu, tu, tu, kama mshipa wa shingo. Chupa ikafika nusu. Halafu petroli ikarudi. Adongo aliiona kwa macho yake ikipanda paipu, ikirejea ilikotoka, mpaka chupa ikabaki na unyevu tu.

"Baba Achola," alimwita mumewe kwa jina la binti yao, sauti imeshuka. "Njoo uone."

"Pampu imechoka," Dalmas alisema bila kutoka. "Valvu haishiki."

Ilikuwa jibu la fundi, na Adongo alilipokea kwa shukrani. Akaichomoa paipu ya tangi kutoka kwenye pampu ili apulize uchafu urudi nyuma, akaishikanisha na mpira wa kompresa. Upepo ukaingia. Kutoka ndani ya tangi kikaja kikohozi, kizito, cha kifua kilichojaa makohozi, kama mzee anayekohoa chini ya kisima.

Kihara alirudi nyuma, akaangalia upande wa vilima vya Olkaria, ambako mvuke wa ardhini ulikuwa ukipanda mweupe kama kila siku.

"Kihara," Adongo alisema polepole. "Hii tangi umeifanya nini?"

Kabla hajajibiwa, Dalmas alikuwa ameshatoka chini ya gari, amechoshwa na maneno. Akashika ncha ya paipu ya tangi, akaitia mdomoni, akanyonya, kama mafundi wote wanavyonyonya mafuta, wakitema tone la kwanza na kucheka.

Dalmas hakutema. Koo lake lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka. Mashavu yalivimba. Adongo alimvuta bega akalikuta la moto kama sufuria. Alipoichomoa paipu mdomoni kwa nguvu, jino moja lilitoka nayo, na mvuke ukafuka puani mwa mumewe.

"Baba Achola?"

"Nani alitutoa nyumbani?" mdomo wa Dalmas uliuliza. Midomo haikufuata maneno. Yalitoka yakiwa yamekamilika, mengi kwa pamoja, kama watu wengi wamesongamana ndani ya chumba kimoja.

Kihara alijaribu kukimbia. Dalmas alimfikia kwa hatua moja, akamkamata mkono wa kushoto, akaukunja kinyume mpaka mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Kihara alipiga yowe. Dalmas akamwinua kwa shingo na kumbamiza kwenye boneti, mara ya kwanza, mara ya pili, bati likabonyea, damu ikaruka kwenye kioo.

Adongo akaokota spana ya magurudumu. Alikuwa amelala na mwanamume huyu, amemzalia, amemuuguza malaria. Akampiga mgongoni kwa nguvu zote. Dalmas aligeuka kama aliyeguswa na nzi. Akamshika mkono ulioshika spana, akaung'ata juu ya kiwiko, meno yakazama, na pale yalipozama ngozi ikachomeka. Adongo alisikia nyama yake mwenyewe ikichemka. Akampiga tena, mara hii gotini, na mguu ukateleza. Dalmas akaanguka juu ya mtungi wa petroli, akaukumbatia, akaupasua kwa kucha, akaanza kunywa.

Wavuvi walikuja mbio kwa yowe lile. Wanaume walimrukia na kamba ya kuvutia magari, naye akaikata kama uzi, akampasua mmoja sikio na kumtupa mwingine juu ya lundo la magurudumu. Ni mnyororo wa kuinulia injini uliomshika. Wakamzungushia kwenye nguzo ya gereji, mara nyingi kuliko walivyoweza kuhesabu, na nguzo ikawa inatikisika, na bati la paa likawa linalia, na yeye akawa anacheka huku petroli ikimchuruzika kidevuni, akiwataja waliokuwepo mmoja mmoja kwa majina ambayo hakuna aliyekuwa amemwambia, akimwambia kila mmoja ni maji gani yatakayomuua.

"Zimeni jiko!" Adongo alipaza sauti. Jirani alikuwa akichoma samaki, na petroli ilikuwa imetapakaa kila mahali. "Zimeni, tutaungua sote!"

Mtu akakimbia kumwita Jepleting.

Jepleting alikuwa mkata maua katika shamba moja kando ya ziwa, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache. Kamere ilimjua kwa jambo jingine. Maombi yakishindwa na hospitali ikikosa jina la ugonjwa, aliitwa yeye. Alifika na gambuti zake za kazini. Hakumtazama Dalmas. Alinusa, kisha akaenda moja kwa moja kwa Kihara, aliyekuwa ameketi chini, mkono ukining'inia.

"Maji ulitoa wapi?"

Kihara alilia. "Tangi ilikuwa na kutu, mathe. Nikaambiwa maji ya moto yanatoa kutu. Kuna kidimbwi nyuma ya vilima, kinachemka chenyewe. Nikachota, nikaosha tangi. Mungu wangu, ni maji tu nilichota."

"Ulichota na wenyewe wanaoishi humo." Jepleting akamgeukia Adongo. "Wako ndani ya bwanako na wanataka kwao. Lakini huku nje wameonja damu, sasa hawatatoka kwa kubembelezwa. Lazima wavutwe. Waliingia kwa njia gani?"

"Kwa paipu," Adongo alisema. "Alinyonya."

"Basi wanyonywe. Lakini si kwa mdomo wa mtu."

Adongo aliitazama injini. Mkono wake ulioumwa ulikuwa umevimba na kutoa majimaji, lakini vidole vilitii. Alichomoa waya wa koili ili cheche isiruke katika hewa ile iliyojaa petroli. Akafunga paipu ndefu kwenye mdomo wa pampu unaovuta, na nyingine kwenye mdomo unaotema, akaiingiza ndani ya mtungi mtupu. Wanaume wakaisukuma pikapu hadi karibu na nguzo. Jepleting akamkalisha Kihara kwenye usukani.

"Una mkono mmoja," alimwambia. "Unatosha kupiga starta. Usiache mpaka nikuambie."

Wanaume wanne walikishika kichwa cha Dalmas. Adongo alipoipeleka paipu, kinywa kilijifumba, na sauti zote zikanyamaza isipokuwa moja, ambayo ilikuwa ya mumewe kabisa.

"Mama Achola, unaniua. Mbona unaniua?"

Adongo akairudisha paipu nyuma.

"Huyo si yeye?" alinong'ona.

"Ni yeye," Jepleting alinong'ona pia. "Wamemweka mbele kama ngao. Ingiza."

Adongo akamfungua taya kwa bisibisi, akasikia jino jingine likivunjika, akaisukuma paipu mpaka kooni. Starta ikalia. Injini ikazunguka bila kuwaka, pampu ikavuta, na mwili wa Dalmas ukajipinda kama upinde, na katika paipu kukapita kitu cheupe kilichochemka, kisha maji meusi, kisha kitu kama nywele, kisha damu, huku mtungi ukianza kurukaruka mahali ulipowekwa na betri ikichoka na starta ikipunguza mwendo, na Kihara akilia kwamba inakufa, inakufa, na Jepleting akimpigia kelele asiache, mpaka Dalmas alipotoa mlio mmoja mrefu uliopanda, ukapanda, ukaingia ndani ya paipu na kukatika kama umekatwa kwa panga.

Jepleting akaukanyaga mtungi, akaufunga kifuniko.

Dalmas alilegea kwenye mnyororo. Alikuwa anapumua.

Wakati wavuvi wakiwapeleka Dalmas na Kihara hospitalini, Adongo na Jepleting waliazima gari na kuelekea kwenye vilima, jua likiwa bado juu. Mtungi uligonga ubavu wa gari njia nzima. Ukingoni mwa kidimbwi ardhi ilikuwa laini na ya moto chini ya viatu. Jepleting alisema maneno ya lugha ya nyanya yake, na Adongo akafungua, akamimina. Maji yalipogusana, kitu kikaupanda mkono wake ule usiojeruhiwa, chembamba kama vidole, kikamshika na kumvuta. Magoti yake yakaingia matopeni. Jepleting alimkamata kiunoni, akajitupa nyuma, na ngozi ya kiganja cha Adongo ikabaki kidimbwini kama glavu.

"Wamechukua chao," Jepleting alisema, akihema. "Na cha juu kidogo. Usirudi hapa."

Dalmas alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa. Mkono wa Kihara ulifungwa, naye akaiuza pikapu kwa wauza vyuma chakavu. Madaktari walisema koo la Dalmas lilikuwa limeungua lakini limepona vizuri, na hawakuona sababu ya yeye kutosema. Hata hivyo hakusema. Alikula, alifanya kazi, alimkumbatia binti yake, na kinywa chake hakikutoa hata mguno. Adongo alijifunza kusoma mikono yake. Alishukuru Mungu kwamba anaye.

Siku moja Jepkemei, mama anayelisha mbuzi upande wa vilima, alipita gerejini. Adongo alikuwa ameinama ndani ya boneti ya lori. Dalmas alikuwa upande wa pili, akifunga gurudumu.

"Sasa, fundi. Mzee wako amepata kazi kule Olkaria?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Namsikia tangu wiki iliyopita. Simwoni kwa sababu ya moshi ule, lakini ni yeye, sauti yake naijua. Anaita tu. Adongo, nichukue. Adongo, kuna watu wengi huku, nichukue." Jepkemei akacheka kidogo, kisha akanyamaza, kwa maana alikuwa amemwona Dalmas akiinuka nyuma ya lori.

Adongo alimgeukia mumewe taratibu. Alitamani kumwona akishangaa. Alitamani atikise kichwa.

Dalmas alikuwa ameweka chini spana. Alikuwa ameelekeza sikio upande wa vilima, na machozi yakimtiririka, alikuwa akiitikia kwa kichwa sauti yake mwenyewe, neno kwa neno.